Kifungu cha Kumi na Nne

Jumapili, 8 Januari

Daftari hili nimepewa na binti yangu, mwalimu wa fasihi. Ni la wanafunzi, lina mistari mipana, na jalada lake lina jedwali la kuzidisha. "Baba," kaniambia, "tangu ustaafu unasimulia kila kitu mara tatu. Andika, Mama apate kupumzika." Mama mwenyewe alikuwa jikoni, akaitikia "Amina" kwa sauti ambayo nyumba ya jirani waliisikia.

Basi naandika. Mwandiko wangu ni mzuri, hilo nalijua. Miaka ishirini na miwili iliyopita niliandika katiba ya Chama cha Wenye Maboza, haya malori ya tangi la maji, kwa mkono huu huu. Tulikuwa madereva saba, tumekaa juu ya matairi mabovu kwenye kibanda cha fundi matairi, ambaye naye alikuwa na boza wakati huo. Enzi hizo dereva wa maji alikuwa mtu wa kufokewa. Askari akiona umedondosha maji njiani, anakusweka ndani na lori linabaki barabarani. Tukasema basi. Leo chama kina maboza mia tatu na arobaini, jengo la ghorofa mbili, na picha yangu imetundikwa ukutani juu ya ngazi. Wananiita Mwasisi. Hata mke wangu huniita hivyo, akiwa amekasirika.

Leo Mwenyekiti amekuja nyumbani. Huyu nilimfundisha kuendesha mimi. Alikuwa hawezi kurudi nyuma bila kugonga ukuta. Amekuja na mtu wanayemwita Mshauri: viatu havina vumbi, sauti ya chini, faili mkononi. Amekwisha kuwafanyia kazi wenye hoteli na wenye viwanda vya saruji, na anajua kila mlango wa baraza la mji hufunguliwa saa ngapi. Kisa chenyewe ni bomba. Madiwani watapiga kura mwezi ujao kuamua kama bomba kuu lipande hadi mitaa ya mlimani, ambako sisi ndio tunaopeleka maji. Bomba likifika, nusu ya wanachama hawana kazi. Wanataka niongoze ujumbe.

"Sisi tuna hoja," alisema Mshauri, "lakini wewe una uso."

Nilikubali kabla chai haijapoa.

Jumanne, 10 Januari

Joto. Nimepigiwa pasi shati jeupe.

Jumatatu, 16 Januari

Leo tumewaona madiwani watano, mmoja mmoja, ofisini kwao. Viti vya kungojea ni vya mbao na vinabana, lakini sikuhisi kitu. Kila mlango uliofunguliwa, diwani alisimama. Miaka ile nilikuwa nikifika hapa naambiwa nisubiri nje ya geti.

Nilisema hivi kwa wote: Mheshimiwa, mtu mmoja akilia hapa mlangoni mwako, utadhani ni mwendawazimu. Wakija mia tatu na arobaini, unajua ni jambo. Ndiyo maana tuliungana. Wenye maduka wana chama, walimu wana chama, wenye nyumba za kupanga wana chama. Kila mwenye haja abishe hodi, nanyi mpime. Sasa mkichimba bomba bila kutuuliza, hawa madereva na watoto wao mtawaweka wapi?

Wanne walitikisa kichwa kwa heshima. Wa tano ni mwanamke, diwani wa mlimani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wasio na chama, Mwasisi, nani awabishie hodi?"

"Waunde chao," nikamjibu. "Hakuna aliyetuzuia sisi."

Mshauri alicheka njia nzima. Alisema jibu lile litachapishwa. Mimi pia nilifurahi, siwezi kuficha. Nilimsimulia mke wangu mara tatu.

Jumamosi, 21 Januari

Binti yangu alikuja kula chakula cha mchana na mzigo wa madaftari ya kusahihisha. Wanafunzi wake wanasoma hadithi moja ya kutisha ya zamani. Nikamwambia anisimulie. Mji ulikuwa unasumbuliwa na wezi. Fundi mmoja akafua kengele kubwa ya kuwaonya watu, na kweli wezi wakakoma. Lakini baadaye kengele ikaanza kulia yenyewe, akipita mgeni, akipita mjane, akipita mtu yeyote ambaye mji unamwogopa. Na ikilia, watu wanatoka na marungu. Fundi anaisikia kila siku. Mwisho anaziba masikio yake kwa nta, anaendelea kula.

Swali la mtihani: nani mwenye hatia?

"Wenye marungu," nikasema. "Kengele ni kengele. Fundi alitengeneza kitu kizuri, watu wakakitumia vibaya. Usimlaumu fundi."

"Simlaumu kwa kufua, Baba. Namlaumu kwa ile nta."

"Angefanya nini? Angepanda mnara aing'ate?"

"Hilo ndilo wanafunzi wangu wanalobishania," alisema, akanisukumia kitabu. "Soma mwenyewe."

Mke wangu alisema tumalize kula kwanza, watu wasiuawe juu ya meza yake.

Jumanne, 24 Januari

Mvua hakuna. Nimepiga stati boza langu la zamani pale uani, lile wanaloliita Kikongwe. Limewaka mara ya kwanza. Lori la watu wa siku hizi lingeomba fundi.

Alhamisi, 2 Februari

Nimerudi kutoka mlimani na hasira hazijanitoka.

Nilikwenda kumwona fundi matairi, mwenzangu wa siku za mwanzo. Katika wale saba tumebaki wawili. Boza lake aliliuza zamani, akajenga huko juu, na goti lake moja halikunjiki. Nilimkuta mlangoni anafuta matairi ya baiskeli kwa kitambaa kikavu. Alikuwa na ndoo mbili ndani, moja imefunikwa, moja tupu.

Barabara nzima ilikuwa imepangwa madumu, moja nyuma ya jingine, yamefungwa kamba ili yasiibwe. Boza moja la chama chetu likapanda, lina nembo ile niliyoichora mimi. Likaipita nyumba ya fundi na nyumba ya jirani yake bila kupunguza mwendo, likasimama mbele zaidi.

"Mbona hakusimama?"

"Jirani yangu aliandika barua gazetini kuwalalamikia madereva," alisema. "Wiki ya tatu hii mtaa huu haupewi. Dereva mmoja akisusa, wote wanasusa. Wamepatana."

"Nani kawafundisha upuuzi huo?"

Aliweka kitambaa chini. "Sisi ndio tuliowafundisha kupatana, ndugu yangu. Wewe na mimi. Tulisahau kuwafundisha wapatane juu ya nini."

Nilimwambia anaongea kwa wivu kwa sababu aliuza lori lake. Ni neno baya, na nililisema mbele ya mkewe. Alinisindikiza hadi njiani, akichechemea. Hata maji ya kunywa sikumwomba, na koo lilikuwa limekauka.

Nitamweleza Mwenyekiti. Hawezi kuwa anajua.

Ijumaa, 3 Februari

Mwenyekiti anajua.

Jumamosi, 11 Februari

Mkutano mkuu. Ukumbi ulijaa hadi ngazini, wengine wakachungulia madirishani. Nilipoingia walisimama. Nilihesabu hatua zangu ili nisitembee haraka, sikutaka yaishe.

Mshauri alieleza hali. Kati ya madiwani ishirini na mmoja, kumi na wawili wanaliunga mkono bomba. "Tunahitaji wawili wabadilike," alisema. "Maneno yamefika mwisho wake. Sasa waonjeshwe." Alipendekeza mgomo wa siku tatu, wiki moja kabla ya kura. Mji usipate hata tone la boza, ujue thamani yetu.

Dereva mmoja wa nyuma, mtu mzima, alinyoosha mkono. "Na hospitali ya uzazi? Ile haina kisima. Bomba lao la zamani limekauka tangu Desemba."

Mwenyekiti akafungua katiba akasoma: "Kifungu cha kumi na nne. Mgomo ukishatangazwa, hakuna boza litakalotembea, liwe la nani na liwe linakwenda wapi, na atakayelitembeza atafukuzwa uanachama." Akaifunga. "Hayo ni maneno ya Mwasisi mwenyewe."

Ukumbi ulilipuka makofi. Nikainuka, nikapunga mkono.

Naandika hapa jambo ambalo hakuna mwingine anayelikumbuka, isipokuwa labda fundi matairi. Kifungu kile kilikuwa na mstari wa pili: "isipokuwa hospitali na penye moto." Katika mgomo wetu wa kwanza dereva mmoja alisema anapeleka maji hospitali, kumbe anapeleka hotelini. Nilichukia sana. Nikachukua kalamu nyekundu nikaukata mstari wote. Wenzangu waliuliza, nikawajibu: mlango ukiachwa wazi kwa mmoja, wote watapita. Nilijiona shujaa. Makofi ya leo yalikuwa ya kalamu ile nyekundu.

Jumapili, 12 Februari

Nimemaliza kitabu cha binti yangu. Mwisho wake ni kwamba siku moja fundi anatoka nyumbani kwenda sokoni, na kengele inamlilia yeye. Mji mzima unasikia isipokuwa yeye. Anashangaa tu kuona watu wanamjia mbio.

Sikula chakula cha jioni. Mke wangu alinigusa paji la uso akidhani ni homa.

Jumanne, 14 Februari

Siku ya kwanza ya mgomo. Maboza yamepangwa pande zote mbili za barabara ya kituo cha kujazia maji, hadi kwenye kona ya kanisa. Injini zote zimezimwa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hata walionichukia wangekubali: huu ni umoja. Nilitembea kutoka la kwanza hadi la mwisho, na madereva wakagonga milango ya malori kwa viganja nilipokuwa napita. Kifua kilijaa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kesho nisije nikajidanganya.

Jumatano, 15 Februari

Mkono unauma, lakini haya lazima yaandikwe leo.

Saa tatu asubuhi simu ya mke wangu iliita. Alifua mashuka ya hospitali ya uzazi kwa miaka kumi na tisa, na mkunga mkuu ni rafiki yake. Aliweka sauti kubwa ili nisikie, kwa makusudi, namjua. Mkunga alisema tangi la juu limekwisha, la chini lina maji ya kufika adhuhuri. Wanawake ishirini na sita wamelazwa. Wawili wanasubiri kupasuliwa. Vifaa haviwezi kuchemshwa, mashuka yenye damu yamerundikwa uani yananuka. "Tumepiga simu barazani, wanasema wanashughulikia. Tumepiga chamani kwenu, wanasema wanasikitika."

Mke wangu alikata simu, akaniletea viatu vyangu. Hilo lilinitisha kuliko kelele zake zote za miaka thelathini na nane.

Nilikwenda chamani kwa miguu. Mwenyekiti na Mshauri walikuwa juu, chini ya feni.

"Naomba maboza mawili," nikasema. "Hospitali tu. Nitayasindikiza mwenyewe."

Mwenyekiti alipangusa jasho. "Mwasisi, kifungu hakina mlango. Ulisema hivyo wewe. Nikimwachia mmoja leo, kesho nina watu mia wanaopeleka maji hospitali."

Yalikuwa maneno yangu, hata sauti ilikuwa yangu. Nilijisikia kama mtu anayeona nguo zake zimevaliwa na mwingine.

Mshauri ndiye aliyenimaliza. Alizungumza kwa upole kabisa: "Mzee wetu, fikiria vizuri. Hospitali ikikosa maji, atakayelaumiwa ni baraza. Sisi hatujamdhuru mtu, tumekaa tu. Simu za kule ndizo zitakazobadilisha kura mbili. Hiyo ndiyo nguvu uliyoijenga."

"Kwa hiyo mnaingojea hospitali ikauke."

"Tunangoja baraza liamue," akasema.

Niliangalia picha yangu pale juu ya ngazi wakati nashuka. Nilikuwa mwenye masharubu meusi, na nilionekana kujua kila kitu.

Nyumbani nilikuta geti la uani limefunguliwa na mke wangu amekaa ndani ya Kikongwe, kwenye kiti cha abiria, mkoba mapajani, kama anakwenda harusini. "Mpira wa maji nimeukagua," alisema. "Una tundu moja, nimelifunga kwa kitambaa."

Liliwaka mara ya kwanza. Niliendesha katikati ya maboza yaliyosimama. Mwanzoni walipunga mikono wakidhani nimekuja kuwapa moyo. Kisha wakaona nakunja kuelekea kwenye bomba la kujazia, na mikono ikashuka mmoja mmoja. Kiasi cha madereva thelathini wakaja mbele wakasimama. Nikazima injini, nikateremka.

"Mwasisi," mmoja akasema, "usituaibishe."

"Nakwenda hospitali ya uzazi."

"Kifungu cha kumi na nne!"

"Nakijua. Nilikiandika, na mstari wa hospitali niliukata mimi kwa kalamu nyekundu, na nilikosea. Nifukuzeni. Jina langu mnalo, namba ya lori mnaiona, siwakimbii. Lakini maji yatakwenda."

"Na ukitupita kwa nguvu?"

"Sina nguvu ya kuwapita. Nina miaka sitini na tisa. Mkikaa mbele ya lori hili nitakaa nanyi hapa hapa, na tutangoja pamoja tupigiwe simu tuambiwe nani kafa. Kisha kila mmoja ataeleza alikuwa amekaa wapi."

Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye lami. Mke wangu alitoa kichwa dirishani: "Kama mna mama waliowazaa, sogeeni. Kama mliokotwa, semeni nijue!"

Mtu mmoja aliguna, nusu kicheko. Yule dereva mtu mzima aliyeuliza swali mkutanoni akatoka kundini, akaenda kwenye bomba, akafungua vali. Hakuniangalia. Wengine wakasogea, taratibu, kama wanaohamisha kitu kizito.

Tulikwenda safari nne. Mkunga mkuu alitupokea kwenye geti la nyuma, vazi lake limeroa jasho. Nilidhani atanishukuru. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu la unyenyekevu. Alitazama nembo kwenye mlango wa lori, akanitazama mimi, akasema, "Mmechelewa, tangu asubuhi tunapiga simu. Vuta mpira huku." Nikavuta. Mke wangu alivua viatu, akaingia kule uani kwenye mashuka bila kuulizwa.

Wale wawili walipasuliwa saa nane na saa tisa. Wamepona wote, na watoto wao. Mmoja ana nywele nyingi kama amevaa kofia.

Mkunga asingeninyima shukrani, ningekuwa nimevimba kichwa sasa hivi. Lakini nina fahari ya aina nyingine ambayo siijui jina.

Alhamisi, 16 Februari

Mgongo umegoma. Nimelala kutwa. Mke wangu ameambiwa kwamba asubuhi hii maboza matatu yalipeleka maji hospitali, na Kikongwe hakikuwamo.

Barua ya chama imekuja. Ina muhuri. Nimeitwa Jumatatu.

Jumatatu, 20 Februari

Nimefukuzwa uanachama wa Chama cha Wenye Maboza.

Nataka iandikwe kwamba walifanya vizuri. Shtaka lilisomwa kwa sauti. Niliulizwa kama nina shahidi. Mwandishi aliandika kila neno, na mara mbili alinisimamisha nirudie. Hayo yote yamo katika katiba, na mimi ndiye niliyeyaweka, ili mtu asije akafukuzwa kwa chuki za vichochoroni. Nilikaa kwenye kiti cha mshtakiwa nikajiambia: tazama, kinafanya kazi.

Waliponipa nafasi sikuomba msamaha wa adhabu. Nilisema: "Kosa nimelifanya, na adhabu ni halali. Lakini kuna kosa langu kubwa zaidi ambalo halimo kwenye shtaka. Nilikata mstari kwa hasira, kisha nikakaa miaka ishirini nikipigiwa makofi. Mtaa wa mlimani unasuswa, nikaambiwa, nikamtukana aliyeniambia. Mkishanifukuza, rudisheni ule mstari. Usiwe kwa ajili yangu, mimi nitakuwa nje."

Mikono ilinyooshwa: mia na tisini dhidi ya mia na ishirini na moja. Mwenyekiti alisoma matokeo, na katikati sauti ikamkatika. Nilimpa beji yangu mkononi. Alisema kwa kunong'ona, "Mwalimu wangu." Nikamwambia anyanyue kichwa, mwenyekiti halii mezani.

Mia na ishirini na moja! Nilitarajia kumi.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja mlimani kumwomba radhi fundi matairi. Alinikaribisha, akaniambia nisimame vizuri nisiangushe ndoo. Hayo tu.

Alhamisi, 23 Februari

Siku ya kura. Asubuhi baraza lilisikiliza maoni. Kila kundi lilipewa robo saa, na mwananchi asiye na kundi dakika tatu. Namba yangu ilikuwa arobaini na moja. Nilikaa kwenye viti vile vile vya mbao, na safari hii nilihisi vinavyobana.

Mshauri alizungumza vizuri, niseme ukweli. Hakudanganya hata mahali pamoja. Aliacha tu vitu.

Zamu yangu ilipofika nilisema: "Waheshimiwa, mwezi uliopita nilikuja hapa nikiwa mia tatu na arobaini. Leo ni mmoja. Madereva msiwapuuze. Ni watu wa jasho, na wana haki ya kubisha hodi kwenu kwa sauti kubwa kadiri wawezavyo. Lakini wiki iliyopita hatukubisha hodi. Tuliwashika wagonjwa shingo ili nyinyi mpige kelele. Mimi ndiye niliyejenga mkono ule. Pitisheni bomba. Na katika miaka ya kuchimba, kazi ya kupeleka maji wapeni hawa hawa, kwa mkataba, mtaa hadi mtaa, bila kususa mtu."

Kengele ya dakika tatu ikalia. Nikakaa.

Diwani wa miwani ya uzi alichukua maneno yale ya mwisho akayafanya marekebisho, na yakakubaliwa. Kumi na tatu dhidi ya wanane. Bomba limepita. Madereva wana kazi ya miaka mitano, kwa maandishi.

Mshauri alinipa mkono kwenye ngazi. "Umeniharibia," alisema, "lakini mkataba ule ni bora kuliko nilioahidi." Alikuwa amekwisha kupata kazi nyingine, kwa wenye machimbo ya kokoto.

Jumanne, 28 Februari

Binti yangu alinialika darasani kwake. Wanafunzi arobaini na wanne, wote wanajua habari zangu kuliko mimi. Msichana wa dawati la mbele aliuliza, "Babu, sasa unajuta kukianzisha kile chama?"

"Hata kidogo," nikasema. "Ningekianzisha tena kesho asubuhi. Walikuwa wanatufunga kwa sababu ya madimbwi. Ninachojutia ni kwamba kilipokua niliacha kukifuata kinakokwenda, kwa sababu kila kilipopita kilinipungia mkono."

Aliandika. Binti yangu alijifanya anafuta ubao, na ubao ulikuwa safi.

Jumapili, 5 Machi

Mvua! Imeanza saa kumi, bila ngurumo. Mke wangu ameweka nje kila chombo tulicho nacho, hadi kikombe changu cha chai.

Mwenyekiti amekuja akiwa ameroa. Wamepiga kura jana: mstari umerudishwa, na kususa mtaa kumepigwa marufuku. Picha yangu ameiacha pale pale. "Wamesema uombe kurudi."

"Nitafikiria," nikamwambia. Na kweli nafikiria. Lakini kwa sasa nina mwaliko mwingine, kutoka mlimani.

Jumamosi, 11 Machi

Leo nimepanda mlimani kwenye mkutano wa kuunda umoja wa watumia maji. Wanataka kusimamia wenyewe bomba litakavyogawiwa. Ulifanyika katika darasa la chekechea, magoti yetu yamegusa videvu. Mwanamke mmoja, mshona mashuka, aliongoza. Walibishana saa mbili nzima juu ya sentensi moja: kama mtu anayedaiwa na umoja akatiwe maji au la. Mara nne nilikuwa na la kusema. Mara nne nililimeza, na kila mara mtu mwingine alilisema, vizuri kuliko ningelisema mimi. Mwishowe walikubaliana kwamba mwenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee hatakatiwa kwa sababu yoyote ile. Waliipigia kura, wakaiandika, wakaisoma tena kwa sauti.

Kisha tukapanga mstari kuandikishwa, hata sisi wa mitaa ya chini. Katibu ni kijana wa kike mwenye kalamu sikioni, hakunijua hata kidogo.

"Kazi?"

"Dereva."

"Una cheo chochote mahali?"

"Sina."

Akachora kistari, akanipa kadi namba mia mbili na saba, akamwita aliyefuata. Nilirudi kwenye kibenchi changu nimenyoosha mgongo. Mke wangu, namba mia mbili na nane, alinitazama akauliza nacheka nini.